Kuwa Mdhamini wa Kujitolea wa Shirika la Utafiti wa Magonjwa: Maelekezo kwa Mkazi wa Tabora

Ukiombwa kuwa mdhamini, yaani mjumbe wa bodi inayosimamia mali na fedha, wa shirika la hisani linalogharimia utafiti, tuseme wa malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, usitie saini fomu yoyote kabla hujasoma katiba ya shirika, hesabu zilizokaguliwa na mihtasari ya vikao vya karibuni. Ukinyimwa kimojawapo, kataa kwa heshima.

Bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chini ya Sheria ya Usajili wa Wadhamini (Sura ya 318 ya Sheria za Tanzania) huwa na nafsi yake kisheria, hivyo humiliki mali, hushtaki na hushtakiwa kwa jina lake. Siku utakapojiuzulu hakikisha Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye ndiye mkuu wa RITA, ameandikiwa, ili jina lako lisiendelee kubeba maamuzi usiyoyashiriki.

Huhitaji kuwa daktari. Ubora wa andiko la utafiti hupimwa na wataalamu wa nje wasio na uhusiano na mtafiti anayeomba fedha. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba maoni yao yamepatikana kwa maandishi na kwamba fedha iliyochangwa kwa ajili ya malale haikuhamishiwa kwenye mafuta ya gari la ofisi. Mkweo au mwanao akiwa miongoni mwa waombaji, tamka hivyo mapema, kisha utoke chumbani wakati wa kuamua. Katika mji kama Tabora, ambako watu wengi ni ndugu au walisoma pamoja, kutamka hivyo si aibu, na mimi humwamini zaidi mdhamini anayetoka nje mara kwa mara kuliko yule asiyetoka kamwe.

Jambo la kusimamia kwa ukali zaidi ni haki ya wagonjwa. Utafiti wa afya unaohusisha binadamu huhitaji kibali cha maadili, ambacho kitaifa hutolewa kupitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Omba kukiona, pamoja na tarehe yake ya mwisho, kabla fedha ya kwanza haijatoka. Uliza pia ridhaa inavyoombwa, kwa kuwa fomu ya Kiswahili haimtoshi bibi wa kijijini anayeelewa Kinyamwezi tu, ambaye anastahili kuelezwa kwa lugha yake mbele ya shahidi anayemwamini, na kuambiwa waziwazi kwamba akikataa atatibiwa vilevile. Taarifa zinazoletwa kwenye bodi zisiwe na majina ya wagonjwa, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Matokeo yakionyesha kwamba dawa haikusaidia, dai yachapishwe kama ambavyo yangechapishwa yale mazuri, hata mfadhili akinuna.

Nauli ya kutoka Nzega au Urambo urudishiwe kwa kuonyesha tiketi. Usipokubaliana na uamuzi, omba pingamizi lako liandikwe kwenye muhtasari, na kikao kinachofuata ulisome kabla ya kuuthibitisha.