Pima kitambi kwa tepu, usiamini saizi ya suruali

Mimi ni fundi cherehani. Mwanaume akiniambia "navaa 36", namwitikia tu, halafu navuta tepu. Wengi wetu tunafunga mkanda chini ya kitambi, tumbo linaning'inia juu yake, na saizi inabaki ile ile miaka kumi. Nami nilijidanganya hivyo hivyo. Suruali yangu ilikuwa 36, yaani kama sentimita 91. Daktari aliponipima panapostahili, akasoma 106.

Panapostahili ni hapa: papasa ubavu wa mwisho, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Pitisha tepu katikati yake, juu ya ngozi, ilale sawa mbele na nyuma bila kubana. Toa pumzi kawaida, ndipo usome. Na usivute tumbo ndani. Kioo cha fundi kinaona kila kitu.

Sasa gawa urefu wako kwa mbili. Mimi nina sentimita 170, kwa hiyo kiuno changu kilipaswa kuwa chini ya 85.

Nilidhani shida ya kitambi ni moyo na sukari. Kumbe na saratani imo. Mafuta yanayozingira ini na matumbo hayajikalii tu: yanachochea mwili kuwaka na kuvimba ndani kwa ndani na kupandisha insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, na insulini ikizidi huhimiza seli kugawanyika. Kitambi pia hukandamiza mfuko wa chakula, tindikali ikapanda kwenye umio, njia ya chakula kutoka kooni. Kiungulia cha miaka mingi kinaweza kubadilisha utando wa pale, na saratani ikaanzia hapo. Mwaka 2016, IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, ilitaja saratani 13 zinazohusiana na unene. Sita ni za mfumo wa chakula: umio, sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, utumbo mpana, ini, kibofu cha nyongo na kongosho. (Wembamba nao huugua, tusichekane.)

Pima mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya kula, uandike. Mimi naandika nyuma ya daftari la oda. Niliacha soda, nikaanza kwenda kazini kwa miguu. Baada ya mwaka nilisoma 98.

Ila mteja akiniletea suruali ile ile niipunguze mara ya pili, na hajabadilisha chakula wala mazoezi, simpongezi, maana kukonda bila sababu kunaweza kuwa dalili ya saratani. Namuuliza kama chakula kinakwama akimeza, kama choo kina damu, kama macho yamekuwa ya manjano. Hata akijibu hapana kwa yote, namwambia aende hospitali kwanza, suruali ataikuta.