Jinsi ya kusoma vibonzo vya enzi za Wanazi kama ushahidi wa historia

Ukiwekewa mbele, kwenye swali la historia, kibonzo cha enzi za Wanazi (chama cha Hitler kilichotawala Ujerumani 1933 hadi 1945) kinachomchora Myahudi, usianze kwa kuuliza Wayahudi walikuwaje, maana hapo ushapotea njia. Kile kibonzo ni ushahidi wa aliyekichora, aliyemlipa na waliokuwa wanakisoma, huyo Myahudi wa kwenye mchoro hajawahi kuwepo popote.

Anza hivi: ziba maneno kwa mkono, angalia picha peke yake kama dakika mbili, andika unachokiona tu. Nani kachorwa mkubwa, nani kachorwa mdogo, nani kashika mfuko wa hela, nani kachorwa kama buibui au nyoka. Usiseme maana bado. Halafu ndo usome maneno, na kama ni Kijerumani tafuta mtu wa kukutafsiria, usibahatishe.

Sasa uliza kimetoka wapi. Vingi utakavyokutana navyo vimetoka Der Stürmer, gazeti la wiki ambalo Mnazi Julius Streicher alilianzisha mjini Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1923, na mchoraji wake mkuu tangu 1925 alikuwa Philipp Rupprecht, alikuwa anasaini Fips. Chini ya ukurasa wa mbele walikuwa wanaandika "Wayahudi ndio balaa letu", na hayo maneno yana umri mkubwa kuliko gazeti lenyewe, yaliandikwa na mwanahistoria Heinrich von Treitschke mwaka 1879, kwa hiyo chuki hii Wanazi waliikuta ipo. Usiishie kwenye idadi ya nakala zilizouzwa pia, maana gazeti lilibandikwa kwenye makabati maalum barabarani, hata asiyetoa senti alikiona kibonzo akiwa anapita zake.

Tarehe ni muhimu mno. Kibonzo cha 1927 kimechorwa chama cha Nazi kikiwa bado kidogo, cha 1938 kimechorwa serikali ikiwa yao, sheria za Nuremberg za Septemba 1935 zishawavua Wayahudi uraia. Ile pua kubwa ya ndoano wanayomchorea Myahudi inaweza kuwa ile ile lakini uzito wake si ule ule.

Na hiyo pua tukae nayo kidogo, maana hapa ndipo wengi wanateleza. Ukiona kila Myahudi kwenye gazeti zima ana pua moja, midomo ile ile na tumbo lile lile ujue huo ni muhuri, mchoraji hakumwangalia mtu yeyote. Kisha linganisha na sheria zenyewe: kibonzo kinadai Myahudi unamjua kwa kumtazama tu, lakini Oktoba 1938 serikali hiyo hiyo ikagonga herufi J kwenye pasipoti zao, na Septemba 1941 ikawalazimisha Wayahudi wote Ujerumani kuanzia miaka 6 washone nyota ya njano kwenye nguo. Kama walikuwa wanajulikana kwa pua, nyota ya nini? Yaani sheria zao wenyewe zinakanusha vibonzo vyao, na ukiliandika hilo kwenye jibu lako umefanya kazi ya mwanahistoria kweli kweli.

Tafuta na vibonzo vya upande wa pili, vya waliowatetea Wayahudi. Juni 6, 1939 Fred Packer alichora kwenye gazeti la Daily Mirror la New York Sanamu ya Uhuru imegeuza uso kwa aibu, ina kibao cha kukataza watu kuingia, na meli ya wakimbizi Wayahudi inapita. Meli hiyo ni St. Louis, ilitoka Hamburg na abiria 937, Cuba ikawapokea 28 tu, Marekani ikawakatalia, wakarudishwa Ulaya na 254 kati yao wakaja kufa kwenye mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi. Kibonzo hiki kinathibitisha kwamba msomaji wa kawaida New York aliwekewa habari hii mezani siku zile zile. Hakithibitishi kwamba Wamarekani wote waliona aibu, hilo katafute kwenye barua na kumbukumbu za bunge lao.

Ukiambiwa ni michoro tu, taja kwamba Streicher alinyongwa Oktoba 16, 1946 kwa uchochezi wake, na mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha kwa ajili ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilirudi kwenye kesi hiyo mwaka 2003 ilipomhukumu Hassan Ngeze, mhariri wa Kangura, gazeti la Rwanda lililochochea chuki.

Ukifika kuandika, sentensi yako iwe na mchoraji, gazeti, tarehe na walengwa: "Mwaka fulani Fips alitaka wasomaji wa Der Stürmer waamini kwamba..." Ukiona umeandika "kibonzo kinaonyesha Wayahudi walikuwa..." futa uanze upya.