Kukusanya katuni za kwetu: magazeti ya zamani, michoro orijino na saini za wachoraji

Kwa nyie mliokulia nyumba ambayo gazeti la katuni la Sani likiingia anasoma kaka mkubwa kwanza, alafu majirani, alafu likija kukufikia we halina kava na peji ya kati ishachomolewa, hii ni yenu. Nataka kuelezea namna ya kukusanya katuni kama shabiki, yani magazeti na vitabu vyenyewe, michoro orijino na saini za waliochora, na nitaongelea zaidi za huku kwetu kwa sababu za Marekani zina watu kibao wa kuzitunza, za kwetu zinaishia kufungia vitumbua.

Huko kwa wenzetu hela zao zinatisha. Januari 2022 karatasi moja tu, peji moja ya komiki ya mwaka 1984 iliyochorwa na Mike Zeck, ikimuonyesha Spider-Man na ile nguo nyeusi, ilienda mnadani kwa zaidi ya dola milioni 3.3. Hiyo tuwaachie wenyewe. Hapa kwetu bado unaweza kuanza na hela ya nauli, ila lazima ujue unatafuta nini.

Kwanza chagua mstari wako. Ukisema unakusanya kila kitu utajaza boksi za takataka ndani ya mwaka na hutojua una nini. Kuna mtu anachukua Sani za miaka ya 80 tu, zile za kina Ndumilakuwili, Kipepe na Lodi Lofa, mwingine anamfata mchoraji mmoja, mfano Philip Ndunguru aliyefariki 1986, ambaye kazi yake nyingi iko kwenye magazeti kwa hiyo ukiipata safi shukuru Mungu. Mwingine anakata katuni za magazetini, Chakubanga wa Christian Gregory kwenye Uhuru, au kale kapanya ka Masoud Kipanya. Katuni ya Kingo ya James Gayo nayo ina watu wake. Kwa upande wa Kenya kuna Joe, gazeti la Terry Hirst na Hilary Ng'weno lililotoka Nairobi 1973 mpaka 1979, kuna vitabu vya katuni vya Pichadithi vya miaka ya 80, kuna Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo, alafu kuna vile vitabu vya kampuni ya Sasa Sema vya miaka ya 90 ambamo mchoraji Gado alichora Abunuwasi, kwa Kiswahili, vizuri kweli.

Alafu kuna Shujaaz, komiki ya Kenya. Ilianza 2010, ilikua inagawiwa bure, nyingine ndani ya gazeti nyingine kwenye vibanda vya M-Pesa, nakala nyingi mno. Watu wanadhani kitu kilichochapwa kwa wingi kitapatikana tu siku zote, kumbe cha bure ndo kinatupwa haraka kuliko chochote. Kama una matoleo ya mwanzo ndani usiyachezee, na kama huna anza kuulizia saivi kabla watu hawajahama nyumba.

Kwa wanaosoma Kifaransa, wale wa Bukavu, Goma, Lubumbashi, Bujumbura, mchoraji Barly Baruti ndo baba yao, mtu wa Kisangani, na komiki yake Madame Livingstone inahusu vita ya kwanza ya dunia kwenye ziwa Tanganyika na meli ya Wajerumani Graf von Götzen. Meli hiyo ndo Liemba. Kama umepanda Liemba kutoka Kigoma na hujui kwamba ipo kwenye komiki, basi sasa unajua.

Kutafuta. Wauza vitabu wa barabarani ndo sehemu ya kwanza, Posta na Samora kwa Dar, Tom Mboya na Moi Avenue kwa Nairobi, ila usifike ukauliza "una Sani za zamani?" kwa sauti ya mtu mwenye shida nazo, bei itapaa hapo hapo. Kaa, pekua, nunua kitu kingine kidogo, rudi tena wiki nyingine, akishakuzoea mwambie akuwekee na umuachie namba. Hao jamaa wananunua mizigo ya makaratasi kwa kilo kutoka kwa watu wanaohama au familia iliyofiwa na mzee, na kitu kama katuni wao wanaona uchafu tu. Sehemu ya pili ni ndugu zako wenyewe, hasa walimu wastaafu na makarani wa zamani, hawa watu walikua wanafunga magazeti kwa kamba na kuyaweka juu ya kabati, nenda kasalimie, kula chakula, ndo uulize. Kitu chenye muhuri wa maktaba achana nacho hata kama kinauzwa mia tano, labda uone umegongwa muhuri wa kufutwa, maana hujui kimetokaje huko.

Ukishika gazeti usiangalie kava peke yake. Hesabu peji. Angalia kama kuponi imekatwa, kama chemsha bongo imejazwa kwa biki, kama ile hadithi inayoendelea haijachomolewa. Marekani wana kampuni inaitwa CGC toka 2000, wanakipa kitabu alama kuanzia 0.5 mpaka 10 alafu wanakifungia kwenye plastiki ngumu ambayo huwezi tena kufungua ukasoma. Kwa Sani ya 1985 hiyo habari sahau. Kwetu kilichokamilika kinashinda kilicho kisafi, nakala imejikunja ina alama ya kikombe cha chai lakini peji zote zipo, mi naichukua kabla ya ile inayong'aa kava na ndani haina peji ya kati.

Sasa kutunza, na hapa ndo wengi wanaua vitu vyao kwa mapenzi. Usipeleke steshenari kulaminetia. Najua inashawishi, shilingi elfu na kidogo inatoka inang'aa, lakini ile mashine inayeyusha gundi inaingia kwenye karatasi na haitoki tena maisha, na asidi iliyopo ndani ya karatasi inabaki humo humo ikiendelea kuila. Selotepu pia hapana, ikikaa miaka inageuka njano na kuacha doa. Karatasi ya gazeti imetengenezwa kwa mbao iliyosagwa na bado ina ile lignini ya mti, ndo maana jua likiipiga inakua kahawia na kuanza kukatika kama chapati kavu. Kwa hiyo adui zako ni jua, joto, unyevu na wadudu, na ukikaa Tanga au Mombasa una zote nne.

Cha kufanya, tafuta mifuko ya polipropilini, ile ya wazi inayolialia ukiikunja, sio zile fayo laini zenye harufu kali ya plastiki, zile ni PVC na zinakuja kugandana na wino. Nyuma ya gazeti weka karatasi ngumu isiyo na asidi, manila ya kawaida ina asidi kwa hiyo kama ndo unayo tu basi ibadilishe kila baada ya miaka michache. Pini za stepla pwani zinashika kutu na kutu inakula karatasi, ukiona zimeanza kubadilika rangi zifungue taratibu kwa kisu butu, toka ndani kwenda nje, uziache wazi au ushone kwa uzi wa pamba. Boksi lisikae chini sakafuni wala lisigusane na ukuta, liinue, tupia vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu ila ujue vinachoka. Dawa ya mende usipulize juu ya makaratasi, pulizia chumba siku ambayo boksi lipo nje. Na kila baada ya muda fungua uangalie, mchwa hawapigi hodi.

Michoro orijino ndo sehemu tamu. Orijino ni ile karatasi ambayo mkono wa mchoraji ulipita. Marekani karatasi ya peji moja mara nyingi ni inchi 11 kwa 17, kubwa kuliko kitabu chenyewe, maana wanachora kikubwa kisha kinapunguzwa wakati wa kuchapa. Ukiletewa kitu unaambiwa orijino, kiinamishe kwenye mwanga: unatafuta alama za penseli chini ya wino, sehemu zilizopakwa koreksheni, maneno yaliyobandikwa, wino mweusi ambao sehemu kubwa haulingani, pengine penseli ya bluu ambayo zamani haikua inatokea kwenye picha ya kuchapia. Geuza nyuma, kuna tarehe, namba ya peji, maelezo kwa mhariri. Ukitumia lenzi ukaona nukta nukta ndogo zimejipanga, hiyo ni printi. Siku hizi wengi wanachora kwenye tableti moja kwa moja, hapo hakuna orijino ya karatasi, hata akikuprintia kubwa na fremu bado ni printi, ambayo si mbaya, ila iwe na saini na namba ya toleo na bei ya printi.

Kununua, mtafute mchoraji mwenyewe. Usianze na "bro nichoree basi mi fani wako", hiyo ni kazi ya mtu. Kama ni mtu mzima, shikamoo mzee, jitambulishe, mtajie katuni yake moja unayoikumbuka na kwa nini, alafu uliza kama anauza michoro ya zamani na anapangaje bei. Akitaja bei usimbanie sana, kama huna sema huna, uliza mchoro mdogo au rasimu ya penseli, rasimu huwa ni rahisi na mara nyingine ina uhai kuliko kazi iliyomalizika. Ukiuziwa na mtu baki, uliza ameipata wapi, maana michoro mingi ya magazetini ilibaki ofisini na haijulikani ni mali ya nani. Hata huko Marekani, kwenye kampuni ya komiki ya Marvel, wachoraji kama Jack Kirby walipigana miaka ya 80 kurudishiwa karatasi zao wenyewe. Omba risiti ya mkono yenye jina la mchoro, tarehe na saini ya muuzaji. Na ujue umenunua karatasi, hujanunua haki, hakimiliki inabaki kwa mchoraji au gazeti, ukiprinti tisheti uuze umeiba, iwe ni Tanzania au Kenya.

Saini. Jina lililo ndani ya mchoro, lile linalochapwa na gazeti kwenye nakala zote, sio saini ya kukusanya, watu wanauziwa hivyo kila siku. Saini ni ile iliyoandikwa baadae kwa mkono kwenye nakala yako. Nenda nayo kwenye uzinduzi wa kitabu, maonyesho, tamasha, peleka kitu kimoja au viwili sio ishirini, na kalamu yako mwenyewe. Kava la kung'aa linataka markapeni ya kudumu na dakika kadhaa za kukauka bila kufunga, peji ya gazeti markapeni inapenya mpaka upande wa pili kwa hiyo beba kalamu ya wino wa pigimenti ya ncha nyembamba au penseli, biki inaacha mfereji. Ufaransa na Ubelgiji mchoraji anakuchorea kabisa kipicha kwenye peji ya mwanzo ya kitabu ulichonunua, ukiwa na albamu ya Kifaransa iache ile peji tupu kwa kazi hiyo. Akikuuliza aandike kwa nani, taja jina lako. Wauzaji hawapendi maana inashusha bei, ila we si shabiki? Piga picha akiwa anasaini kama ameridhia, hiyo ndo ushahidi wako, kule CGC wanataka shahidi wao awepo ndo watoe ile lebo yao ya njano ya saini iliyothibitishwa.

Kila kitu kipige picha mbele na nyuma, andika kwenye daftari umekipata wapi, lini, shingapi, na nakala moja ya hiyo orodha apewe mtu mmoja wa nyumbani anayejua boksi lipi ni lipi, maana siku ukisafiri kuna mtu atafanya usafi. Ukituma mchoro mkoani kwa basi usiukunje wala usiuviringishe kama wino ni mzito, uweke katikati ya plaiwudi mbili nyembamba zilizozidi mchoro kila upande, ndani ya nailoni, funga kwa kamba, andika kioo juu yake hata kama sio kioo, na uchukue namba ya kondakta kabla gari halijatoka.