Kahawa ya Vihambani na Masharti Mapya ya Soko: Kazi Ianzie kwenye Daftari na Mizani

Chama cha msingi cha ushirika kinapojiandaa kupata cheti cha Rainforest Alliance (shirika la kimataifa linalothibitisha kilimo kinachotunza mazingira), au kuuza kahawa katika Umoja wa Ulaya chini ya kanuni yake ya mwaka 2023 inayozuia mazao yaliyotokana na ukataji misitu, mara nyingi fedha za kwanza huenda kwenye mabango. Mabango yana kazi yake, lakini kwa maoni yangu kikundi huanguka zaidi kwenye daftari na mizani.

Kihamba, yaani shamba la nyumbani la Kilimanjaro lenye mibuni chini ya migomba na miti ya kivuli kama miringaringa, kwa kawaida ni kidogo, na kwa shamba lisilozidi hekta 4 kanuni ya Ulaya hutosheka na nukta moja ya mahali (vipimo vya GPS vya simu). Nukta hiyo ichukuliwe katikati ya mibuni, wala si barazani kwa mwenye shamba. Na kwa kuwa majani ya migomba huziba anga, mpimaji asubiri simu itulie, ioneshe kosa la mita chache tu, ndipo ahifadhi. Mwenye vipande viwili vilivyoachana ana nukta mbili.

Andikeni pia shamba lilianza kulimwa lini, kwa sababu Rainforest Alliance haikubali shamba lililotokana na msitu uliofyekwa tangu Januari 1, 2014, na Ulaya huhesabu ufyekaji wa baada ya Desemba 31, 2020. Kihamba cha urithi hakina shida hapo. Penye kuhitaji uangalifu ni mashamba mapya yanayopakana na hifadhi.

Ugumu wenyewe uko ghalani siku ya kupokea. Mwanachama aliyeleta kilo 60 msimu uliopita akija na kilo 240 kutoka mibuni ileile 200, karani asikimbilie kuandika stakabadhi, kwani huenda amebeba kahawa ya jirani asiye mwanachama (jambo la ujirani mwema, lakini linaloweza kuponza cheti cha kikundi kizima). Makadirio ya mavuno yafanywe shambani kabla ya msimu, yakizingatia kwamba takriban kilo 5 za kahawa mbivu hutoa kilo 1 ya kahawa kavu yenye ganda, na karatasi hiyo iwe mkononi mwa karani kando ya mizani. Gunia ambalo maelezo yake hayajatosheleza litengwe upande mwingine wa ghala, liuzwe kama kahawa ya kawaida isiyo na cheti.