Kuhamia melini: saa za kwanza za safari ndefu ya baharini

Safari ya siku 4 au 5 unaweza kuimaliza bila kutoa nguo kwenye sanduku. Ya miezi 2 au 3 haiwezekani. Chumba cha ndani cha meli ya utalii mara nyingi kina mita za mraba 15 hivi, choo na bafu vikiwamo, na kitu kisichopata mahali pake siku ya kwanza kitakusumbua mpaka mwisho wa safari.

Masanduku makubwa hukabidhiwa gatini, yakapitishwa kwenye eksirei, na huenda yasifike mlangoni kwako mpaka usiku. Kwa hiyo begi la mkononi libebe pasi ya kusafiria, dawa zote ulizokuja nazo, miwani, chaja na nguo za kubadilisha. Dawa ziache katika pakiti zake zenye jina lako, na uwe na akiba ya wiki 2 zaidi ya safari, maana duka la dawa la melini ni dogo na aina yako huenda isiwepo. Piga picha ukurasa wa pasi wenye jina lako. Katika safari ndefu ofisi ya meli huenda ikazikusanya pasi zote.

Kabla ya kufungua sanduku lolote, maliza zoezi la dharura. Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, wakafa watu 32. Baadhi ya abiria walikuwa wamepanda jioni ileile na walikuwa hawajafanya zoezi, kwa kuwa sheria ya wakati huo iliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Tangu 2015 linafanyika kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Ishara ni honi 7 fupi na 1 ndefu. Kituo chako cha kukusanyikia wakati wa dharura kimeandikwa nyuma ya mlango wa chumba na kwenye kadi yako. Kiendee kwa miguu, kwa ngazi na si kwa lifti, ukihesabu milango kutoka chumbani hadi kwenye ngazi, maana moshi ukijaa, utapapasa ukuta tu. Jaketi la kuokolea maisha likiwamo chumbani, livae ujue kamba zake. Mwenye mtoto aombe la saizi ya mtoto siku hiyohiyo.

Sasa pakua, na upakue kila kitu. Masanduku matupu yasukume chini ya kitanda. Yasipoingia, mwombe mhudumu wa chumba akuinulie godoro uone nafasi iliyopo. Kuta za vyumba vingi ni za chuma, hivyo ndoano 6 za sumaku zinafanya kazi ya kabati la pili: kofia, begi la kushukia bandarini, nguo mbichi, karatasi za ratiba. Gundi usitumie, inaharibu rangi na utadaiwa. Vizito viweke chini, vya kioo viingie droo. Henga zisizo na nguo zifunge pamoja kwa soksi au uzitoe kabisa. Bahari ikichafuka zinagongana usiku kucha, nawe utahangaika kutafuta ni nini kinacholia.

Soketi ni chache. Usije na ekstensheni yenye kinga ya umeme: mfumo wa umeme wa meli haufanani na wa nyumbani, na kifaa hicho kinaweza kupata moto, ndiyo maana walinzi hukichukua mlangoni. Pasi ya nguo nayo hairuhusiwi chumbani. Choo kinavuta kwa hewa, si kwa maji mengi, kwa hiyo kisipewe chochote zaidi ya karatasi ya choo. Kitambaa kimoja cha kujifutia kinaweza kuziba bomba la vyumba kadhaa, na majirani hawatakusahau.

Anayelevywa na bahari ameze kidonge saa 1 kabla ya mawimbi, si baada ya kuanza kutapika. Kibandiko cha nyuma ya sikio hubandikwa angalau saa 4 kabla na hudumu siku 3, ila muulize daktari kwanza. Ukizidiwa, nenda katikati ya meli, sitaha za chini. Omo (mbele ya meli) na tezi (nyuma yake) ndizo zinazopanda na kushuka zaidi. Virusi vya tumbo navyo huenea haraka melini, na jeli ya spiriti haiviui vizuri. Sabuni na maji, sekunde 20, kila kabla ya kula.

Simu iweke katika hali ya ndege kabla ya kuondoka gatini. Ikishika mtandao wa setilaiti wa meli, bili yake inatisha. Akaunti ya matumizi ya melini ifungulie kadi ya mkopo. Kadi ya benki ya kawaida hela zake zinaweza kuzuiliwa siku kadhaa baada ya kushuka.

Kingine ni saa. Ukielekea magharibi meli hurudisha saa nyuma usiku, ukielekea mashariki huisogeza mbele, lakini simu ikishika mnara wa bandarini hufuata saa ya nchi kavu, ambayo huenda si ya meli. Vaa saa ya mkononi na uipangie saa ya meli. Muda wa mwisho wa kurudi huandikwa mlangoni pa kushukia, mara nyingi nusu saa au zaidi kabla ya kung'oa nanga. Uliyetembea mwenyewe mjini hungojewi.