Kubadilisha Spika Ndefu za Sebuleni, Tanga

Kabla ya kununua spika mpya za kusimama sakafuni, soma maandishi yaliyo nyuma ya amplifaya yako, kwani iliyoandikwa omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 6 hadi 16 inaweza kupata moto kupita kiasi ikiunganishwa na spika za omu 4. Linganisha pia desibeli za spika, yaani ukubwa wa sauti inayotolewa kwa nguvu ileile ya umeme: spika inayoizidi nyingine kwa desibeli 3 hutoa sauti ileile kwa nusu ya nguvu.

Hapa Tanga, ambako hewa ya bahari huacha kutu ya kijani kwenye nyaya za shaba, kata ncha iliyoliwa, menya sentimita moja, kisha unganisha nyekundu kwa nyekundu. Besi ikivuma mno, zisogeze spika mbali na ukuta. Sakafu yako ikiwa ya saruji tupu, tandika zulia ili kupunguza mwangwi. Kwa maoni yangu, litakufaa kuliko waya wa bei ghali.