Somo: Kuhifadhi na Kupakia Sifa za Komponenti katika Delphi

Tangu Delphi, zana ya kuundia programu, ilipotoka mwaka 1995, sifa (properties) za komponenti uliyoiweka kwenye fomu, yaani dirisha la programu, huandikwa katika faili la .dfm, yaliyomo hujengwa ndani ya programu, na fomu inapoundwa husomwa ili komponenti iundwe upya. Kwa sifa za kawaida kazi hiyo hujiendesha yenyewe. Somo hili linahusu pale inapokwama.

Hatua ya 1. Tangaza sifa chini ya published. Iliyo chini ya public hutumika vizuri ndani ya programu, lakini haiandikwi kwenye faili.

Hatua ya 2. Ielewe default, kwani hapa ndipo wengi tunapojikwaa:

property Upana: Integer read FUpana write SetUpana default 100;

Hapa FUpana ndiyo inayoshika thamani, na SetUpana ni mbinu inayoibadilisha. Neno default haliipi sifa thamani ya 100. Linaagiza tu kwamba thamani ikiwa 100, isiandikwe. Usipoweka FUpana := 100 katika konstrakta (mbinu inayoendeshwa komponenti inapoundwa), mtumiaji atachagua 100, hakuna kitakachoandikwa, na akifungua fomu tena atakuta sifuri. Nilimaliza siku nzima nikilisaka kosa hili ndani ya SetUpana, ambayo haikuwa na hatia yoyote.

Hatua ya 3. Kwa data isiyo na sifa ya published, andika upya (override) mbinu ya DefineProperties, anza na inherited, yaani kuita toleo la darasa (class) mama, kisha ita Filer.DefineProperty ukiipa jina, mbinu ya kusoma, mbinu ya kuandika, na jibu la kama kuna data ya kuandikwa. Kilichoandikwa kisomwe kwa mpangilio uleule na kwa aina ileile.

Hatua ya 4. Sifa hupakiwa moja baada ya nyingine kama zilivyopangwa katika faili, hivyo SetUpana ikitegemea sifa nyingine huenda ikaikuta bado haijasomwa. Iwapo csLoading, alama ya kwamba komponenti bado inapakiwa, imo katika ComponentState, pokea thamani tu na uahirishe hesabu hadi Loaded, mbinu inayoitwa upakiaji ukikamilika. Humo usisahau inherited, maana ndiyo inayoiondoa csLoading.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, konstrakta yangu inaipa sifa ya Kichwa maandishi "Bila jina". Nikiyafuta na kuhifadhi, yanarudi. Kwa nini?

Jibu: Kwa sifa za maandishi, utupu ndio thamani ya msingi, na haiandikwi kwenye faili, kwa hiyo wakati wa kupakia, thamani ya konstrakta hubaki ilivyo. Iache Kichwa tupu katika konstrakta, na "Bila jina" liwekwe na msimbo unaochora.

Swali: Nimehifadhi komponenti katika mkondo (stream) kwa WriteComponent, lakini ReadComponent inatoa kosa la EClassNotFound (darasa halikupatikana), ingawa kwenye fomu komponenti hiyohiyo inapakiwa bila shida.

Jibu: Fomu huyatambua madarasa ya komponenti zilizotangazwa ndani yake. Mkondo wako hauna msaada huo, ndugu. Ita RegisterClass kwa darasa hilo kabla ya kusoma.